Koti la sukari

Najua nimekuwa kimya karibu mwezi mzima na wengine mmeanza kuulizana kama nimedisko. Hapana jamani, bado nipo! Nilikuwa TP, nyumbani kwetu Tukuyu, na kule mtandao unaupata ukipanda kilimani, tena mvua ikiwa haijaanza. Mvua ya Tukuyu wenyewe mnaisikia. Leo nimetulia, chai ipo, UE bado wiki tano, basi niwaletee stori niliyokuwa naichimba maktaba tangu nirudi. Ni ndefu. Mwenye haraka apite tu, tutaonana kafeteria.

Ilianzia darasani. Nafundisha biolojia kidato cha pili, mada ya lishe, nimeandika ubaoni kwa mwandiko mzuri kabisa kwamba kazi ya wanga na sukari ni kuupa mwili nguvu. Nukta. Mtoto mmoja wa nyuma, yule ambaye kila darasa linaye, akanyoosha mkono. "Mwalimu, kaka yangu yupo fomu siksi. Kitabu chake kinasema wale bakteria wa panya walikuwa na koti la sukari. Sasa mwalimu, wanalivaa la nini kama sukari ni ya kula?"

Darasa likacheka. Mimi nikatabasamu kama mtu mwenye jibu, nikamwambia hilo atalikuta mbele ya safari. Kengele ikaniokoa. Bahati nzuri siku hiyo msimamizi wangu hakuwepo.

Lakini swali lile sikulala nalo vizuri, kwa sababu hao panya mimi nimewasoma. Nimewajibia mtihani na alama nikapata. Na sikuwahi hata siku moja kujiuliza koti ni la nini.

Kuna kitu cha pili, hiki ni cha nyumbani. Mwaka 2011, mimi nikiwa darasa la pili, mdogo wetu wa mwisho alifariki akiwa na miezi minane. Jumatano alianza kukohoa, Ijumaa anapumua mbavu zinaingia ndani, Jumapili tukamzika. Hospitali walisema nimonia. Babu yangu hata kwenye misiba huwa hasemi sana. Siku ile alikaa chini ya mparachichi, akaangalia chini muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe kichomi kimenifuata mpaka huku."

Sikuelewa. Nilikuja kuelewa nilipokuwa mkubwa kwamba Babu aliwahi kwenda Wenela. Safari hii nikiwa TP nimelala kwake, nikamchimba. Nikarudi kampasi na maswali mawili, la yule mtoto na la Babu, na kumbe yote mawili yana mlango mmoja.

Tuanze na sukari. Ukimtajia Mtanzania sukari anafikiria chai. Mkemia anafikiria familia kubwa sana. Zipo sukari ndogo kama glukosi, halafu zipo sukari changamano, ambapo zile ndogo zinaunganishwa kama shanga kwenye uzi, mamia kwa maelfu, wakati mwingine zikiwa na matawi. Wanga wa kwenye ugali ni uzi wa namna hiyo, wenye shanga za aina moja tu. Lakini mwili na vijidudu hutumia nyuzi hizi kwa kazi nyingine kabisa, nayo ni kujulikana. Uso wa karibu kila seli yako umevikwa sukari. Hata lile kundi la damu ulilonalo, A au B, tofauti yake ni kisukari kimoja cha mwisho kwenye uzi ulio juu ya chembe nyekundu. Damu isiyo yako ikiingia, mwili unaikataa kwa sababu ya kisukari hicho. Nimekaa na hili jambo siku nzima, nilivyoshangaa. Tangu sekondari nimeaminishwa kwamba sukari ni kuni, kumbe ni kitambulisho pia.

Sasa bakteria. Yupo mmoja anaitwa nyumokokasi. Anaishi puani na kooni kwa watu wengi, hasa watoto, wala hana neno. Siku akiteremka mapafuni ndiyo kichomi. Akiingia kwenye damu au kwenye utando wa ubongo, hapo tena ni hatari nyingine. Alipatikana mara ya kwanza mwaka 1880, Pasteur akiwa Ufaransa na Sternberg akiwa Marekani, kila mtu kivyake, na mwaka uliofuata wote wawili wakatangaza. Mwaka 1910 Wajerumani wawili, Neufeld na Haendel, wakaonyesha kwamba nyumokokasi hawafanani, wapo wa aina tofauti. Kinga ya aina ya kwanza haikusaidii kwa aina ya pili. Kwa nini? Hakuna aliyejua. Kwa darubini ya kawaida ni ndugu pacha.

Hapo ndipo anaingia mzee wangu wa siku hizi, Oswald Avery. Mkanada huyu alifanya kazi kwenye hospitali ya Taasisi ya Rockefeller, New York, mtu mdogo wa umbo, mpole, hana makuu, wenzake wakimwita "Fess", kifupi cha profesa. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu kichwani, kichomi, na alikaa nao miaka zaidi ya thelathini. Mwaka 1917 yeye na Dochez walionyesha kwamba mgonjwa wa kichomi ana kitu kinachoyeyuka kwenye damu yake na hata kwenye mkojo, na kitu hicho kinakutana na kingamwili za aina ileile ya bakteria, sio nyingine. Yaani ukichukua mkojo wa mgonjwa unaweza kujua ni aina gani inayomla. Kumbe bakteria anadondosha kitambulisho chake njiani!

Kitu gani hicho? Akaomba msaada kwa mkemia kijana, Michael Heidelberger. Heidelberger alisimulia baadaye jinsi Avery alivyokuwa akimfuata na kichupa chenye unga mchafumchafu, akimwambia siri yote ya bakteria imo humo, na kumuuliza ataanza lini kuufanyia kazi. Akaanza. Akasafisha, akasafisha tena. Kila alipoondoa protini, akategemea nguvu ya ule unga itapungua. Haikupungua. Mwaka 1923 wakatoa majibu: ni sukari. Sukari changamano, mnyororo mrefu, na kila aina ya nyumokokasi ina mnyororo wa kwake. Ule wa aina ya tatu, kwa mfano, ni glukosi na asidi ya glukuroniki zikipishana, moja, moja, mpaka mwisho.

Watu hawakuamini. Wakati ule ilikuwa kama amri kwamba kinachoweza kuushtua mwili ukatengeneza kingamwili ni protini tu. Sukari? Kitu cha kuwekwa kwenye uji? Wengi walidhani protini kidogo imebaki ndani na ndiyo inayofanya kazi. Hapa mimi nawaonea huruma waliokataa, maana ni mimi yuleyule niliyeandika ubaoni kwamba kazi ya sukari ni nguvu, nukta.

Na hili koti linafanyaje kazi? Kwetu ukitaka kumkamata kambale kwa mikono mitupu anakuponyoka. Chembe nyeupe za damu zinakutana na nyumokokasi vivyo hivyo. Asiye na koti anamezwa mara moja. Mwenye koti anateleza. Mwili unajaribu kumbandika protini zake za ulinzi, zinanasa chini ya koti ambako chembe nyeupe hazifiki. Kinachosaidia ni kingamwili iliyotengenezwa kwa sukari ile hasa. Hiyo inanasa juu ya koti, na sasa chembe nyeupe inapata pa kushika. Ndiyo kazi ya majivu mikononi mwa mvuvi. Ila majivu haya yana nongwa: ya kambale huyu hayamshiki yule.

Niongeze hapohapo, maana najua kuna wenzangu humu wenye siko seli. Chujio kubwa la hawa wadudu wenye makoti ni bandama, na siko seli inaiharibu bandama mapema, mtoto akiwa bado mdogo. Ndiyo maana watoto hao hupewa penisilini kila siku hata wakiwa wazima. Rafiki yangu mmoja ameimeza utoto wake wote bila kuambiwa sababu.

Sasa tuje kwa panya wenyewe. Mwaka 1928 Frederick Griffith, London, alichukua bakteria wa aina ya pili waliopoteza koti, hai lakini hawana madhara. Akawachanganya na bakteria wa aina ya tatu wenye koti, waliouawa kwa joto. Peke yao, kila kundi halimdhuru panya. Pamoja, panya wakafa, na kwenye damu yao wakakutwa bakteria hai wamevaa koti la aina ya tatu. Walio hai wamejifunza kushona kutoka kwa marehemu! Avery na wenzake MacLeod na McCarty wakahangaika mpaka 1944 ndipo wakaonyesha kwamba ujuzi ule wa kushona ulihamishwa na DNA. Hiyo ndiyo sehemu tunayokariri kwenye desa, na ni kubwa, siipunguzi. Lakini tazameni, jaribio zima linaonekana kwa sababu ya koti. Bila koti panya anapona, hakuna cha kuona. Griffith mwenyewe hakuona majibu ya 1944, aliuawa kwa bomu la Wajerumani London mwaka 1941.

Na kabla sijaondoka kwa Avery, kuna kitu kilichonifurahisha kuliko vyote. Alitaka ushahidi kwamba koti ndilo ugonjwa. Kijana wake mmoja, Mfaransa René Dubos, akafikiri hivi: sukari hii ingekuwa haiozi, dunia ingekuwa imejaa makoti. Kwa hiyo lazima mahali fulani kwenye udongo yupo mdudu anayeila. Akatafuta kwenye udongo wa aina nyingi, akampata kwenye shamba la kinamasi huko New Jersey, bakteria mwenye kimeng'enya kinachokata ule uzi wa aina ya tatu. Mwaka 1930 wakatangaza. Panya aliyeambukizwa akichomwa kimeng'enya hicho anapona. Bakteria wenyewe hakikuwaua, kiliwavua nguo tu. Chembe nyeupe zikamaliza kazi. Niambieni kama hiyo sio stori.

Haya. Mpaka hapa ni New York, panya na vichupa. Babu anaingia wapi?

Wenela ni WNLA, chama cha makampuni ya migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini kilichokuwa kinaandikisha vibarua nje ya nchi hiyo: Msumbiji, Nyasaland, na baadaye mpaka kwetu kusini magharibi mwa Tanganyika. Babu alikwenda mwaka 1957. Anasema kutoka Francistown walipanda treni, na Johannesburg walifika na baridi ambayo hata Tukuyu haina. Kambini walilala chumba kimoja watu wengi, vitanda vya saruji, kimoja juu ya kingine. Kitanda cha chini yake alilala kijana wa Nyasaland. Wiki ya tatu kijana akaanza kushika ubavu. "Mke wangu," Babu huniita hivyo tangu nikiwa mdogo, "walimtoa asubuhi, jioni kitanda kina mtu mwingine. Hatukuuliza. Kila mtu alijua ni kichomi."

Kila mtu alijua, na tangu zamani sana. Mwanzoni mwa karne ya 20 vibarua kutoka nchi za joto walikuwa wanakufa kwa kichomi kwenye ile migodi kwa wingi wa kutisha. Watu wamesafirishwa mbali, wamechoka, wanafika kwenye baridi, wanasongamana usiku na kupumuliana. Wanaokuta pale wadudu ambao miili yao haijawahi kuwaona ndio wageni. Mwaka 1911 makampuni yakamwita Sir Almroth Wright, Mwingereza aliyejulikana kwa chanjo ya homa ya matumbo. Akawachoma maelfu ya wachimbaji nyumokokasi waliouawa, wazimawazima. Matokeo yakabishaniwa, kwa sababu hakuzingatia zile aina. Majivu ya kambale mmoja ukimkamatia mwingine! Baada yake Spencer Lister, kulekule Johannesburg, akaanza kuzitenganisha aina za mgodini.

Mwaka 1913 serikali ya Afrika Kusini ikapiga marufuku kuwaandikisha watu kutoka kaskazini ya latitudo 22 kusini, kwa sababu ya vifo. Nilipoisoma hii nilifunga kitabu kidogo. Hawakupanua vyumba wala hawakupunguza shimo, walichora mstari kwenye ramani. Miaka ya 1930 dhahabu ikapanda bei, vibarua wakahitajika, marufuku ikalegezwa. Ndiyo njia aliyopita Babu yangu.

Huku nyuma ile sukari ilikuwa inaendelea na safari yake. Kama sukari tupu inamshtua mtu mzima akatengeneza kinga, basi sukari tupu inaweza kuwa chanjo, huna haja ya kumchoma mtu bakteria mzima. Mwaka 1944 na 1945, vita ikiendelea, MacLeod yuleyule wa DNA pamoja na Heidelberger walijaribu kwenye kambi ya wanaanga wa jeshi la Marekani huko Sioux Falls, South Dakota. Askari karibu 17,000, nusu wakapata sukari za aina nne, nusu maji ya chumvi. Baada ya wiki kama mbili kichomi cha aina zile nne kwa waliochanjwa kikapotea kabisa. Ikafanikiwa vizuri! Chanjo ikaingia sokoni, na haikununuliwa. Penisilini ilikuwa imefika. Daktari gani ahangaike na chanjo wakati ana dawa ya miujiza? Ikaondolewa.

Aliyekataa kukubali ni daktari mmoja anaitwa Robert Austrian. Kwa miaka kumi, 1952 mpaka 1962, alihesabu wagonjwa wa kichomi kwenye hospitali kubwa Brooklyn. Akaona kwamba pamoja na penisilini watu bado wanakufa, na wale wanaokufa siku tano za mwanzo dawa haiwaokoi. Ugonjwa unakuwa umeshawahi. Watu walimwona mbishi. Akatengeneza tena chanjo ya sukari, safari hii aina 13. Sasa ajaribu wapi? Anahitaji mahali ambapo kichomi ni kingi, wanaougua ni vijana wazima, na wanaweza kuhesabiwa kila siku.

Mnajua jibu. Kuanzia 1972 alikwenda kwenye migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, East Rand. Wachimbaji wapya karibu 12,000. Wengine wakapewa chanjo yake, wengine chanjo ya ugonjwa mwingine, wengine maji ya chumvi. Mwaka 1976 akatangaza kwamba kichomi cha aina zilizomo kimepungua kwa asilimia 78.5. Mwaka 1977 Marekani ikaisajili chanjo ya aina 14, na mwaka 1983 ya aina 23. Hiyo ya 23 imetumika duniani kote.

Watanganyika hawakuwemo, mlango wetu ulikuwa umefungwa baada ya uhuru. Lakini kambi ni zilezile na ubavu ni uleule. Mimi sio mtu wa kusema Austrian alikuwa mbaya. Chanjo ilikuwa ya kweli, na bila mtu mbishi kama yeye tusingekuwa nayo. Ila nawaza foleni ile. Kijana mweusi, mgeni, yuko kwenye mkataba, enzi za ubaguzi wa rangi, anaambiwa kunja shati. Atasema hapana kwa nani? Halafu kitabu cha fomu siksi kinamtaja panya wa Griffith, huyu hakimtaji. Nilimuuliza Babu kama angekubali sindano. Akacheka. "Nani alikuwa anakubali kitu kule? Unapanga mstari."

Sasa mdogo wangu. Hapa ndipo pananiuma, nitapapita haraka kidogo.

Sukari tupu ina kasoro kubwa: mtoto wa chini ya miaka miwili haioni. Seli zinazotengeneza kingamwili hukutana na sukari bila kusaidiwa na zile seli nyingine, seli T, ambazo hufundisha na kuweka kumbukumbu. Mtu mzima anamudu hivyohivyo, mtoto mchanga hamudu. Na wanaokufa zaidi kwa nyumokokasi ni haohao. Dawa yake ilikuwa imeshapatikana kwa Avery zamani sana! Yeye na Goebel, kati ya 1929 na 1931, waliunganisha sukari ya aina ya tatu na protini, wakamchoma sungura, na sungura akapata kinga ambayo sukari peke yake haikumpa. Protini inaziita seli T, na seli T zikija zinaiona na sukari iliyoshikana nayo. Kama mgeni anayekuja nyumbani na mjomba wako: mgeni humjui, lakini kwa kuwa kaja na mjomba, unamkumbuka.

Wazo likakaa kabatini karibu miaka hamsini. John Robbins na Rachel Schneerson, na kwa upande mwingine David Smith na Porter Anderson, ndio walilitoa na kulitumia kwa bakteria mwingine mwenye koti, Hib, aliyekuwa akiua watoto kwa homa ya uti wa mgongo. Chanjo hiyo ya kuunganisha ilisajiliwa Marekani mwaka 1987. Ya nyumokokasi, yenye aina 7, ikasajiliwa mwaka 2000.

Aina saba, lakini zipi? Zilichaguliwa zile zinazowaugua zaidi watoto wa Marekani. Aina ya 1 na ya 5, ambazo Afrika zinatuumiza sana, hazikuwemo. Zimeingia kwenye chanjo zilizofuata, ya aina 10 na ya aina 13. Rwanda walitangulia mwaka 2009 na ile ya saba. Kenya ilianza ya aina 10 mwaka 2011, na kule Kilifi, ambako wanahesabu kwa makini, maradhi makali ya aina zilizomo kwa watoto wa chini ya miaka mitano yalipungua kwa zaidi ya asilimia 90. Tanzania ilizindua ya aina 13 Desemba 2012, ikaenea nchi nzima mwaka uliofuata.

Mdogo wangu alizikwa 2011. Hospitali hawakupima ni mdudu gani, kwa hiyo sisemi kwamba ni huyu. Nasema tu kwamba nimehesabu. Kutoka sungura wa Goebel mpaka paja la mtoto wa Tukuyu ni zaidi ya miaka 80. Kutoka foleni ya mgodini, karibu 40. Na sisi tulichelewa kwa mwaka mmoja na kitu.

Dada yangu amejifungua mwaka huu. Kadi ya kliniki nimeishika mwenyewe, PCV, wiki ya 6, ya 10, ya 14, imetikiwa yote. Nilimwonyesha Babu, nikamweleza koti, kambale, mjomba na kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo hata kwenye semina hawaulizi.

"Sasa huyo mdudu, mkishalijua koti lake, hawezi kuvaa jingine?"

Anaweza. Makoti yanayojulikana leo yamepita 100, chanjo inabeba machache. Aina zilizomo zikipungua puani mwa watoto, nafasi inachukuliwa na zisizokuwemo. Na kuna wanaobadili koti kabisa. Nyumokokasi wawili wakikutana kwenye pua moja, mmoja huokota DNA ya mwenzake na kuanza kushona koti la mwenzake. Ni lilelile aliloliona Griffith mwaka 1928, isipokuwa sasa halipo kwenye panya, lipo kwenye pua za watoto. Ndiyo maana watu wa Kilifi na kwingineko bado wanapitisha pamba puani mwa watoto na kuhesabu aina, na watengenezaji wameshafika kwenye chanjo za aina 15 na 20.

Babu akasema, "Basi mjanja kuliko Wenela," akaomba chai.

Yule mtoto wa kidato cha pili nimemwandikia barua, kurasa mbili na mchoro wa kambale, mwalimu wao wa biolojia amekubali kumpelekea. Nimeanza kwa kumwomba radhi.

Haya wadau, nina prezentesheni saa nane na sijaigusa hata slaidi moja. Mwenye babu au baba mkubwa aliyekwenda Wenela aniambie alikumbana na nini kule, hasa nyie wa Kyela, Songea na Mbozi. Na aliyechukua mwavuli wangu maktaba Jumanne, wa bluu, naomba aurudishe mapokezi.

Tupo pamoja.